Usiifute Simu kwa Ajili ya Wi-Fi, Mwanangu

Mwanangu, simu ikipata apdeti usiku na asubuhi ikakataa Wi-Fi, usiifute. Naanza na neno hilo kwa sababu najua ukishapandwa na hasira husomi tena, unabonyeza. Basi hata ukiishia hapa, neno umeshalipata. Usiifute.

Nawajua watoto wangu. Maandishi yanatokea kwenye kioo kwamba mtandao umeunganishwa lakini hakuna intaneti, na hapo hapo moyo unakwenda mbio. Mteja anasubiri picha za vitambaa. Mwalimu ametuma kazi. Kaka yuko Muscat anapiga simu ya video na haiingii. Unazima, unawasha, unazima tena. Kisha rafiki anakwambia, "Piga riseti tu, itakaa sawa." Nawe unapiga.

Nakuomba, usikipe kidole kazi ambayo kichwa hakijaifanya. Kidole kilichokwisha kubonyeza hakina masikio.

Babu yako nimezishika simu tangu zilipokuwa na waya na namba za kuzungusha. Nimeona simu zinazoharibika na nimeona simu zinazoharibiwa, na hizi za pili ndizo nyingi. Kwa hiyo tulia unisikilize.

Chipu ya Wi-Fi iliyomo ndani ya simu haijiendeshi yenyewe. Kuna programu inayoiendesha, na apdeti inapoingia, programu hiyo hubadilishwa. Lakini kumbukumbu za mitandao uliyowahi kuitumia, majina yake na nywila zake, hubaki zilezile za zamani. Mara nyingine mpya na za zamani hazipatani. Simu inakuwa kama mpangaji aliyebadilishiwa kufuli akiwa kazini, jioni anarudi na ufunguo wa jana. Nyumba haijabomoka. Kitanda chake kimo, nguo zake zimo, picha ya harusi iko ukutani. Anachohitaji ni ufunguo mpya, basi. Sasa niambie, mpangaji huyo akichukua nyundo akabomoa nyumba nzima, utasema ametengeneza mlango?

Hivyo ndivyo mnavyofanya mnapofuta simu.

Yupo mama mmoja hapa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa kijumbe wa mchezo wa akina mama, kila wiki wanachanga na kila wiki mmoja anapokea. Daftari alikwisha kuliacha. Aliyetuma kwa simu alimpelekea ujumbe wa muamala kupitia WhatsApp, na aliyetoa taslimu alipigiwa picha noti zake papo hapo mkononi. Yeye alijibu kwa sauti: "Nimeipata dada, zamu yako inakuja baada ya mama wa duka." Miaka ya kuaminiana ilikuwa imo ndani ya simu ile.

Usiku mmoja apdeti ikaingia. Asubuhi Wi-Fi ipo, intaneti hakuna. Mtoto wa dada yake, kijana mzuri asiye na nia mbaya, akamwambia, "Lete mama mdogo, hii ndogo." Akaizima. Akashika kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha sauti, kama alivyoona kwenye video. Kioo kikawa cheusi, yakaja maandishi madogo madogo ya Kiingereza. Akateremka mstari kwa mstari kwa kitufe cha sauti mpaka pale pa kufuta data yote. Akathibitisha. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi.

Simu ilipowaka ilikuwa tupu. Kisha ikauliza: ingiza akaunti ya Google iliyokuwamo humu kabla.

Akaunti gani? Mama hakuwahi kuwa na akaunti anayoijua. Siku aliyonunua simu, muuzaji ndiye aliyemfungulia, kwa jina alilolitunga yeye na nywila aliyoitunga yeye, akamkabidhi simu ikiwa "iko tayari". Wangapi kati yenu mama zenu wana akaunti za namna hiyo? Naogopa hata kuhesabu.

Ulinzi huo wa kudai akaunti ya zamani uliingia kwenye Android tangu toleo la 5.1, mwaka 2015. iPhone nayo ina kufuli yake tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Umewekwa kwa ajili ya wezi, na ni ulinzi mzuri. Lakini hautambui sura ya mwizi wala sura ya mwenye mali. Unatambua nywila tu.

Ikabidi waende kwa fundi, akalipwa, kufuli ikatoka. Ujumbe haukurudi. Picha hazikurudi. Nakala ya WhatsApp, kama ilikuwapo, ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti ileile isiyojulikana. Na wiki ile kulikuwa na zamu ya kupokea.

Wa kwanza akasema mimi nimeshalipa. Wa pili akasema zamu ni yangu. Miamala ya simu ilionyesha sehemu, lakini waliotoa taslimu walikuwa na maneno yao tu, na kijumbe hakuwa na la kuwajibu. Akatoa akiba yake mwenyewe kufidia. Haikutosha kuwanyamazisha. Mchezo ukavunjika, na wanawake waliokuwa wakizikana na kuozana pamoja wakawa wanapishana njiani bila salamu.

Na ile Wi-Fi? Ruta yao ilikuwa ya laini, ya kununua bando. Apdeti ya usiku ndiyo iliyokula bando lote likaisha. Simu haikuwa na ugonjwa wowote.

Sikia, mwanangu. Kilichofutwa hakiitiki, hata ukikiita kwa kilio. Kabla ya kugusa chochote, tafuta kwanza kama simu ina kosa. Chukua simu nyingine, ya ndugu, ya jirani, yoyote, uiunge kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Nayo ikikosa intaneti, acha simu yako kabisa. Angalia bando la ruta, angalia kama umelipia mwezi, chomoa ruta kwenye umeme, kaa kama nusu dakika, chomeka, subiri taa zitulie. Mara ngapi mambo yameishia hapo! Nami nasikitika kwa wote ambao hawakufika hapo kwa sababu walishafuta.

Simu nyingine ikifanya kazi na yako ikagoma, ndipo urudi kwenye yako. Polepole. Nakusihi, polepole.

Washa hali ya ndegeni, ihesabie pumzi chache, izime. Zima simu nzima kisha uiwashe. Usicheke, baada ya apdeti kuna kazi ambazo simu humalizia ikiwashwa upya.

Halafu tazama saa na tarehe. Hili watu hulidharau. Kila tovuti ya maana ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na simu hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, simu itaona vyeti vyote ni batili na itakataa kufungua kitu, huku alama ya Wi-Fi imejaa juu pale. Weka saa ijiongoze yenyewe kwa mtandao.

Kama bado, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, shika jina la mtandao wako, chagua kuusahau. Usiogope neno hilo. Simu inasahau mtandao huo mmoja tu. Kisha uunge upya kwa nywila. Ziangalie herufi kubwa na ndogo, kwa ruta si kitu kimoja. Nywila ikikupotea, igeuze ruta: nyingi zina karatasi imebandikwa chini yenye jina la mtandao na nywila iliyotoka nayo kiwandani, labda kama kuna mtu aliibadilisha. Mara nyingi, ule ufunguo mpya niliokutajia ndio huu.

Sasa nije kwenye jambo linalowasumbua zaidi vijana kuliko wazee: VPN. Najua kwa nini mnazo. Uganda ilipofunga mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, watu waliweka VPN. Tanzania mtandao wa X ulipozuiwa mwaka 2025, watu waliweka VPN. Siwahukumu. Lakini zile za bure mlizoziokota popote zinabaki ndani ya simu, zimejiwasha, zimesahauliwa. Apdeti ikija, VPN ya zamani hushindwa kwenda nayo, na kwa kuwa intaneti yako yote inapitia kwake, yote husimama. Izime uone. Nyingine zichunguze upya kama zinastahili kukaa ndani ya simu yenye fedha zako.

Karibu na hapo kuna kitu kinaitwa DNS ya faragha, kipo kwenye Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018. Wako walioandika humo anwani ya kuzuia matangazo, wakasahau. Anwani hiyo ikifa, au mtandao wa ofisi ukiikataa, kila ukurasa unagoma. Kirudishe kijiendeshe chenyewe.

Na kuna hili la shuleni na maofisini. Kila kifaa cha Wi-Fi kina namba yake ya utambulisho, inaitwa anwani ya MAC. Zamani namba ilikuwa moja siku zote. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia namba ya bandia kwa kila mtandao, ili wenye maduka na matangazo wasikufuatilie unakopita. Jambo jema. Lakini kama mtu wa kompyuta ofisini kwenu amesajili namba za simu zinazoruhusiwa, siku simu yako inapopata toleo jipya itafika mlangoni na namba asiyoijua, na itakataliwa. Wewe unaona simu imekufa. Haijafa! Ingia kwenye mtandao huo mmoja, chagua simu itumie anwani yake halisi, au nenda kwa mtu huyo umpe namba mpya. Umemaliza.

Wanafunzi wa vyuo, ninyi nina neno lenu. Apdeti ya Android 11 ya Desemba 2020 iliondoa kwenye simu za Pixel ile ruhusa ya kuunga mtandao wa chuo bila kukagua cheti cha seva, na simu nyingine zikafuata njia hiyo. Ile ruhusa ilikuwa hatari, kwa sababu mtu angeweza kusimamisha Wi-Fi yenye jina la chuo chenu akakusanya nywila zenu. Kwa hiyo simu ikikataa Wi-Fi ya chuo baada ya apdeti, usihangaike na simu. Nenda ofisi ya TEHAMA ya chuo uulize cheti gani na jina gani la seva uweke. Watakuwa nalo.

Haya yote yakishindikana, ndipo tunafika kwenye riseti. Hapa naomba unisikilize kwa masikio yote mawili, kwa maana hapa ndipo watoto wangu wanapoteketea.

Riseti ziko mbili, zimekaa jirani kwenye ukurasa mmoja, zimeandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ya mipangilio ya mtandao. Hii hufuta majina ya Wi-Fi na nywila zake, hufuta vifaa vya Bluetooth ulivyoviunga, na kwenye iPhone hufuta pia VPN na mipangilio ya data ya laini uliyoiweka. Picha haigusi. Ujumbe haigusi. Majina ya watu haigusi. Ukishaifanya utaandika nywila upya, utaunga upya spika na saa yako, basi. Kabla ya kuifanya, ziandike kwenye karatasi nywila za Wi-Fi unazozihitaji.

Ya pili ni ya kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hii hufuta kila kitu.

Kwenye Android nyingi zimo ndani ya Mipangilio, sehemu ya Mfumo. Samsung wameziweka kwenye Usimamizi wa jumla. Kwenye iPhone ziko kwenye mipangilio ya jumla, chini kabisa. Popote zilipo, soma mstari wote kabla ya kugusa. Ukiona neno data yote, ukiona neno kiwandani, ukiona maudhui yote, ondoa mkono. Simu ikikuonyesha orodha ya akaunti zitakazoondolewa, ondoa mkono. Simu ikikuuliza mara ya pili kama una hakika, mwanangu, ile si adabu tu. Inakuonya. Ondoa mkono.

Subira ya dakika kumi huokoa picha za miaka kumi. Nimelisema hili barazani mpaka wajukuu wanalimalizia wao, na bado nitalisema.

Tena kuna wakati kosa haliko kwako wala haliko kwa ruta, liko kwa waliotengeneza simu, na dawa yake ni kungoja tu. Tarehe 19 Septemba 2012 Apple walitoa iOS 6. Watu wakaipokea, na wengi wakakuta Wi-Fi haifanyi kazi. Unajua sababu? iPhone ikijiunga na Wi-Fi huenda kwanza kuchungulia ukurasa mmoja mdogo wa Apple, ijue kama intaneti ipo kweli au kama kuna ukurasa wa kuingilia, kama wa hotelini. Siku hiyo ule ukurasa haukupatikana. Simu zikadhani ziko nyuma ya mlango wa hoteli, zikagoma kuendelea. Ukurasa uliporudi, simu zikapona zenyewe. Fikiria aliyekuwa ameshafuta yake.

Septemba 2014 ikaja iOS 8.0.1. Kwenye iPhone 6 na 6 Plus iliua mtandao wa laini na alama ya kidole. Apple wakaiondoa ndani ya muda wa kama saa moja, na kesho yake wakatoa 8.0.2 yenye dawa. Ilihitajika siku moja tu ya subira.

Mwaka 2021 nako ikagundulika kwamba iPhone ikiungwa na Wi-Fi yenye jina lililoandikwa kwa alama fulani za asilimia, Wi-Fi yake inazimika na haiwaki tena hata ukiizima simu. Inatisha, sivyo? Dawa ilikuwa ile riseti ndogo ya mtandao, na apdeti ya 14.7 ikaziba tundu lenyewe. Hakuna picha ya mtu iliyohitaji kupotea.

Kwa hiyo angalia kama kuna apdeti nyingine imetoka. Kama Wi-Fi haipo, nunua bando la laini uishushe kwa hilo, au omba mtandao wa simu ya nduguyo kwa Bluetooth au kwa waya. Bando ni ghali, najua. Lakini lina bei, na sauti ya marehemu uliyoihifadhi ndani ya simu haina.

Ipo hali moja nataka uitambue. Kitufe cha Wi-Fi kikiwa kijivu, hakigusiki kabisa, na riseti ndogo haikukisaidia, mara nyingi chipu yenyewe au miguu yake kwenye bodi imelegea. Baada ya iOS 7 wako wenye iPhone 4S walioona kijivu hicho, wakaambizana mitandaoni waiweke simu kwenye friza, wengine waipulize kwa drayer ya nywele. Waliipika na kuigandisha mali yao kwa mikono yao wenyewe. Usifanye hivyo. Unyevu ukiingia ndani ya simu hauombi radhi. Hapo ndipo pa fundi.

Na fundi nitakwambia vizuri, usije ukadhani namsema vibaya. Mafundi simu wa Tanga, wa Kariakoo, wa Luthuli kule Nairobi, wana mikono ya ajabu. Wameziokoa simu ambazo wenye viwanda wangesema tupa. Fundi mwema utamjua kwa maswali yake. Atakuuliza ilianza lini, umejaribu Wi-Fi nyingine, una nakala ya vitu vyako? Ukikaa kwenye benchi, ukaona mtu anaichukua simu yako na neno lake la kwanza ni "tuflashi", simama. Chukua simu yako. Kuflashi ni kuipakia simu programu upya, na mara nyingi kila kilichomo huondoka. Anayeanza na dawa kabla ya ugonjwa anauza dawa.

Ukiiacha simu kwa fundi, toa laini yako. Toa kadi ya kumbukumbu. Bonyeza *#06# uiandike namba ya IMEI pembeni, ili simu itakayorudi uwe na hakika ni yako. Kama kazi inamalizika ukiwapo, kaa hapo hapo uitazame. Akihitaji kufungua kufuli ya kioo, fungua wewe kwa mkono wako.

Na PIN ya M-Pesa, ya Airtel Money, ya Mixx, ya benki, hiyo haina uhusiano wowote na Wi-Fi. Hata kidogo. Fundi anayeiomba hakutaki mema. Nakusihi kwa jina la mama yako, usiitamke, usiiandike kwenye karatasi ya risiti, usimnong'oneze hata rafiki.

Kuna na wale wanaopiga simu. "Habari, tunatoka huduma kwa wateja, tumeona simu yako ina tatizo la mtandao baada ya apdeti." Sauti nzuri, jina lako analo. Anakwambia upakue programu ili akusaidie kwa mbali. Programu hiyo inamfanya aone kioo chako chote kama unavyokiona wewe, na wakati wewe unatazama alama ya Wi-Fi yeye anatazama salio. Kata simu. Usibishane naye, kata. Kama una shaka, piga wewe mwenyewe namba ya huduma ya kampuni yako unayoijua.

Zile programu za kuongeza nguvu ya Wi-Fi nazo ziache. Nguvu ya Wi-Fi haiongezwi na picha ya roketi kwenye kioo. Sogea karibu na ruta, au kama ruta yako ina mitandao miwili, jua kwamba ule wa 5 GHz una kasi lakini ukuta huudhoofisha, na ule wa 2.4 GHz unafika mbali zaidi. Chumba cha nyuma tumia huo wa pili.

Sasa nasikia mmoja anasema, "Basi babu, mimi apdeti nimezizima moja kwa moja." Hapana! Hapana, mwanangu. Hiyo njia nayo nimeona inakotokea.

Oktoba 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha kwamba WPA2, ulinzi ambao karibu kila Wi-Fi ya dunia ilikuwa ikiutegemea, ulikuwa na tundu. Mtu aliye karibu na nyumba angeweza kuingilia mawasiliano kati ya simu na ruta. Dawa ilikuja kwa apdeti. Miezi michache kabla yake lilikuwa limetoka tundu jingine kwenye chipu za Wi-Fi za Broadcom, zilizokuwamo kwenye iPhone na Android nyingi, ambalo mtu angeliingilia bila wewe kubonyeza chochote. Dawa yake pia ikaja kwa apdeti, Julai ya mwaka huohuo. Aliyekataa apdeti kwa kuogopa kukosa Wi-Fi siku moja aliiacha Wi-Fi yake wazi kwa miaka. Nani amepata hasara?

Pokea apdeti. Ila ipokee ukiwa umejiandaa, usiipokee kama mtu anayevamiwa. Subiri siku chache kama unaona wenzako wanalalamika. Usiipokee usiku wa kuamkia mtihani, wala asubuhi ya safari, wala siku ya zamu ya mchezo. Chaji ijae zaidi ya nusu na simu ibaki kwenye umeme, maana ikizimika katikati ya kazi hiyo inaweza isiwake tena. Bando la ruta liwe na nafasi. Nywila ya Wi-Fi iwe imeandikwa mahali.

Na nakala. Ingia WhatsApp, sehemu ya gumzo, uone nakala ya mwisho ilifanyika tarehe gani na inakwenda kwenye akaunti gani. Soma jina la akaunti hiyo kwa sauti. Ni yako? Unaijua nywila yake? Picha nazo ziangalie vivyo hivyo, na zile usizoweza kuishi bila hizo zihamishie pia kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Ukiifanya nakala leo, hata siku simu ikianguka baharini Raskazone hutakuwa umepoteza kila kitu.

Ukimaliza yako, nenda kwa mama. Nenda kwa shangazi, kwa bibi, kwa yule mjomba anayeazima miwani ili asome ujumbe. Kaa naye, fungua mipangilio, tazama akaunti iliyomo. Kama aliifungua muuza simu na hakuna aijuaye nywila, hamisheni vitu vyake wakati simu bado imefunguka, mfungulie akaunti yake mwenyewe, namba yake ya simu iwe ndiyo ya kurejeshea. Ile ya muuzaji iondolewe. Nywila aichague mwenyewe, aiandike kwa mkono wake kwenye daftari lake, na daftari liende kabatini kwake, pamoja na hati za nyumba. Fanya hivyo Ijumaa hii baada ya chakula, kabla apdeti haijafika.